Msiwaulize "Mmeelewa?"

Hasira yangu wiki hii imetokana na fomu ya mkopo. Kuna taasisi imewagawia akina mama wa soko la Mbuyuni, hapa Moshi, fomu mpya ya "Kiswahili rahisi". Na kweli sentensi ni fupi. Shangazi yangu aliisoma yote bila kukwama. Nikamuuliza, "Shangazi, ukichelewesha rejesho wiki moja, watakutoza nini?" Akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Si watanipigia simu tu?" Faini imeandikwa ukurasa wa nyuma, chini ya sahihi ya mdhamini.

Afisa mikopo ananiambia waliijaribu. Waliwakusanya akina mama, wakawasomea, wakauliza, "Mmeelewa?" Jamani! Mama gani atamjibu kijana wa ofisini, mbele ya wenzake, kwamba hakuelewa? Ataitikia kwa heshima, kwa kuogopa aibu, na kwa sababu mkopo anauhitaji. Jibu hilo halituambii lolote kuhusu karatasi.

Kaeni na mtu mmoja mmoja, pembeni. Asome mwenyewe. Kisha mwambieni: nieleze kwa maneno yako, rejesho la kwanza ni lini? Nionyeshe penye faini. Jaza hapa. Nanyi mnyamaze, msimsaidie. Anaposita, hapo karatasi ina kasoro. Mama hana kosa. Rekebisheni, mkajaribu kwa mwingine. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama tovuti ni rahisi kutumia, akizungumzia majaribio hayo, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua kasoro nyingi. Watano Mbuyuni mnawapata asubuhi moja!

Fomula za usomekaji, zile hesabu za kupima ugumu wa maandishi, msiniletee. Ile ya Flesch ya mwaka 1948 inahesabu maneno na silabi, tena za Kiingereza. Haioni mahali faini ilipofichwa.

Hata kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1 cha mwaka 2023, kinataka msomaji apate anachohitaji, akione kwa urahisi, akielewe, na aweze kukitumia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kazi hii inakula muda, na kwamba fomu ya zamani ilikuwa mbaya zaidi. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini shangazi anaweka dhamana ng'ombe wake wa maziwa. Nimemsihi asitie sahihi mpaka faini ihamishiwe ukurasa wa mbele, na afisa nimemwambia hivyohivyo.