Madumu 41 na Kisigino cha Mzee wa Kanisa

Birika la ubatizo la kanisa letu hapa Njombe liko nje, nyuma ya jengo, jirani na mparachichi. Ndani lina urefu wa mita 2.2 na upana wa mita 1.2, na tunalijaza mpaka sentimita 90, yaani kiunoni kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kipimo hicho kina sababu. Maji yakizidi, mbatizwa anaelea na miguu inamponyoka kabla Mchungaji hajafika kwenye "jina la Baba". Yakipungua, Mchungaji inabidi ainame, na mgongo wa Mchungaji wetu umeshatumika sana shambani mwa Bwana. Piga hesabu: ni lita 2,376, sawa na madumu 119 ya lita ishirini. Yohana alibatiza Ainoni kwa sababu, Injili inasema, huko kulikuwa na maji tele. Sisi tuna bomba la mgao, kwa hiyo tunafungulia Ijumaa jioni na kuanza maombi.

Maji yakilala nje siku mbili mwezi wa saba, na Njombe ni Njombe, kipimajoto kinasoma nyuzi 12. Ukitaka yafike 20, ambazo bado ni baridi ila hazikati pumzi, unahitaji lita 260 hivi za maji yanayochemka, maana huku juu maji huchemkia kwenye nyuzi 93. Hizo ni sufuria sita na nusu za lita 40. Kanisa lina mbili, zile za pilau za harusi. Tukamimina zote, joto likapanda nyuzi mbili na nusu, yaani halikupanda. Tena maji ya moto hukaa juu usipoyakoroga kwa ubao mpaka chini. Mbatizwa wa kwanza alichovya mkono, akatabasamu, akasema "mbona ya vuguvugu!", kisha akashusha mguu. Neno alilotamka baada ya hapo halimo katika kitabu cha nyimbo.

Wabatizwa walikuwa saba, wote katika majoho meupe ya tetroni nzito. Pamba nyepesi haifai, ikilowa inaonyesha kila kitu. Hata tetroni huvaliwa juu ya nguo za rangi ya giza. Adui mkubwa wa joho ni hewa. Mtu akishuka kwa haraka, hewa inanaswa chini ya pindo na joho lote linapanda mpaka kwapani kama mwavuli. Dawa ni kushuka ngazi taratibu huku ukilikandamiza magotini, na kushonea vitu vizito ndani ya pindo. Akina mama wa ushonaji walitumia washa za bolti, nane kwa kila joho. Hizo washa zisahau kidogo, zitarudi zenyewe.

Kuzamisha nako kuna ufundi wake. Mbatizwa anampa Mchungaji ubavu. Mkono wa kulia unaziba pua, wa kushoto unashika kifundo cha ule wa kulia, ili viwiko visiruke kumpiga mtumishi wa Mungu taya. Mchungaji anaweka kiganja kimoja katikati ya mabega na kingine juu ya ile mikono iliyoziba pua. Halafu mbatizwa anakunja magoti kwanza, ndipo analala chali. Anayekaza mwili akajitupa nyuma mzimamzima, miguu inakwenda juu, na ibada inageuka mieleka. Maikrofoni haisogei pale. Mwaka 2005, mjini Waco, Texas, mchungaji mmoja alifariki ndani ya birika la ubatizo baada ya kushika maikrofoni akiwa majini. Kwa hiyo Mchungaji wetu anapaza sauti yake ya asili, na kwaya inapaza kuliko yeye.

Watu wengi hudhani ubatizo ni Mchungaji na maji. Ukikaa ngazini na taulo, kama nilivyokaa mimi, utaona kwamba kazi inaendeshwa na watu ambao hata hawatangazwi. Yupo binti anayepanga kandambili kwenye ukingo, vidole vikielekea nje, ili mtu anayetetemeka atumbukize mguu bila kuinama. Yupo kijana aliyeamka alfajiri kusugua utelezi wa ngazi ya pili kwa brashi na chumvi. Yupo anayeshika miwani. Yupo mama mwenye chupa ya chai ya tangawizi, sukari imezidi kwa makusudi, na mwenzake anayetandaza kitenge kuwa pazia pale tu dada anapotokeza na joho limemganda mwilini, wala hangoji kuombwa.

Sita wa kwanza walikwenda salama. Wa sita alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mwembamba, akazama na kuibuka vizuri kabisa. Alipokuwa akipanda ngazi alihisi mnyororo unamgusa mguu. Akanyamaza. Alituambia baadaye kwamba alidhani ni sehemu ya ibada. Msimcheke. Huko Ireland husimuliwa hadithi ya zamani kwamba Mtakatifu Patrick, mhubiri wao wa kale, alipokuwa akimbatiza mfalme Aengus pale Cashel, alichoma fimbo yake yenye ncha chini, ikapitia katikati ya mguu wa mfalme. Na mfalme akavumilia kimya akidhani ndivyo watu wanavyobatizwa. Wabatizwa ni watu wavumilivu sana, ndiyo maana inabidi kuwauliza.

Mnyororo wenyewe ulikuwa wa kizibo. Birika letu lina tundu la inchi mbili chini, linazibwa kwa kizibo cha mpira chenye mnyororo. Washa moja ilikuwa imechomoka nusu kwenye pindo la yule mwanafunzi, ikanasa kwenye pete ya mnyororo. Yeye akapanda, kizibo kikapanda naye. Akavishwa kitenge, akapewa chai, akapelekwa nyumbani kwa mama mchungaji kubadili nguo, kizibo kikining'inia chini ya joho.

Tundu la inchi mbili chini ya maji ya sentimita 90 hutoa kama lita tano kila sekunde, yaani dumu zima kila sekunde nne. Mwanzo ndipo yanakimbia zaidi, kwa sababu kina kikiwa kirefu msukumo ni mkubwa. Lingekuwa jambo la kusikika, maana bomba likinyonya huguna. Ila kwaya ilikuwa kwenye pambio, na lile pambio lina vigelegele.

Wa saba alikuwa dereva wa lori la mbao, kilo mia na kumi, na Mchungaji alimweka mwisho makusudi kwa kuwa mawimbi yake humwaga maji. Akashuka taratibu, akakandamiza joho, akasimama. Mchungaji akaona huyu ni mtu wa safari ndefu, anahitaji neno la kumwimarisha. Akatoa neno. Kisha akasema, "Tufumbe macho tuombe." Tukafumba. Neno pamoja na maombi vilichukua dakika sita hivi, na dakika sita zinatosha kabisa kushusha maji kutoka sentimita 90 mpaka 35. Mchungaji alihisi baridi ikiteremka kutoka kiunoni kwenda mapajani, kutoka mapajani kwenda magotini, akazidi kushukuru. Alidhani yeye ndiye anayeinuliwa.

"Amina," akasema, akafumbua macho. Maji yalikuwa chini ya magoti.

"Mchungaji," dereva akauliza kwa upole, "nilale?"

Mzee wa kanisa, mtu wa makamo mwenye suti ya ibada, hakuuliza kitu. Akavua viatu, akaingia na suruali yake, akapapasa kwa mguu mpaka akalipata tundu, akalikanyaga kwa kisigino. Soksi aliiacha, na alikuwa sahihi: ni ya sufu, ikilowa inajaza ile nafasi ambayo kisigino kitupu kingeiacha. Msukumo wenyewe si wa kutisha. Maji ya sentimita 70 yanakandamiza tundu kama hilo kwa uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kinachotisha ni nyuzi 14 kwa nusu saa.

Ukazuka mjadala pembeni. Shemasi mmoja msomaji akakumbusha kwamba Didake, ule mwongozo wa Wakristo wa mwanzo, unataka maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, ya vuguvugu. Na yote yakikosekana, mtu amiminiwe kichwani mara tatu. "Haya yalikuwa yanatiririka muda si mrefu," mtu akasema nyuma. Mama mkwe wa dereva, Mlutheri aliyekuja kumshuhudia mkwewe, akasema yeye alimwagiwa maji ya kiganjani akiwa mtoto wa miezi mitatu na hajaona amepungukiwa nini. Dereva akasema, "Mama, nakuheshimu, lakini stendi nzima nimeshawaambia ni maji mengi."

Bomba la mgao lilikuwa limekata tangu alfajiri. Nikatumwa kwa jirani, mzee mwenye kisima na tangi, ambaye alikuwa anatawadha kwa ajili ya adhuhuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo?"

"Tunaomba maji, mzee wangu."

"Ya kunywa?"

"Ya kumzamisha mtu."

Akaacha kutawadha. "Amefanya nini?"

"Anabatizwa, mzee."

"Ahaa. Yupi?"

Nikamwonyesha juu ya ukuta. Dereva alikuwa amesimama katikati ya birika, joho limemganda, anatupungia mkono. Mzee akamtazama kwa muda. "Huyo? Chukueni na pampu."

Pampu ilikuwa haina mpira wa kufika kwetu, ikabaki kujaza madumu. Wajukuu wa mzee na watoto wa shule ya Jumapili wakajipanga mstari kutoka kisimani mpaka kwenye birika. Wenyewe hawakuulizana nani ni wa wapi, waliulizana nani amemwaga maji mguuni mwa nani. Mzee akaswali, akarudi, akakaa kwenye kigoda kuhesabu madumu kwa sauti, maana watoto walikuwa wanaruka namba.

Mwalimu wa fizikia akapiga hesabu kwenye bahasha ya sadaka. Kutoka 35 mpaka 70, kina kinachotosha mtu akipiga magoti na kuinamia mbele, tulihitaji lita 924, sawa na madumu 46 na kidogo. "Lakini yeye mwenyewe," akasema akimnyooshea dereva kalamu, "akizama anasukuma lita 110 kwenda juu. Hayo ni madumu matano na nusu. Leteni 41, yaliyobaki atayatoa mwenyewe." Dereva akasema tangu azaliwe hajawahi kusikia unene wake ukihesabiwa kwenye michango.

Muda wote huo mama wa chai hakutulia. Alimnywesha mzee wa kanisa kikombe kwa mkono wake, kwa kuwa mikono ya mzee ilikuwa imeshika ukingo na haikutaka kuachia. Kijana wa kusugua ngazi akavua jaketi lake akalitupia juu ya mabega ya mzee, nusu likielea. Midomo ya Mchungaji ilikuwa imeanza kubadilika rangi, wakamtoa, wakamfunga blanketi, akaingia mchungaji msaidizi mwenye joto jipya. Hiyo ndiyo kanuni: maji yakiwa chini ya nyuzi 15, usimwache mtu mmoja abatize foleni nzima, vidole vinakufa ganzi na mshiko unalegea.

Dumu la 41 likamiminwa. Dereva akapiga magoti, akaziba pua, mchungaji msaidizi akamweka mkono mgongoni, akatamka maneno, akamwinamisha mbele. Dereva akashuka mwili wote kwa pamoja, kwa utii wa siku ile. Mwalimu alikuwa amehesabu ujazo, ila wimbi hakulihesabu. Lilikwenda mpaka ukuta wa mbali, likagonga, likarudi, likamkuta mzee wa kanisa amesimama kwa mguu mmoja. Suti, tai, jaketi la watu na kikombe vikazama pamoja naye. Kwa upande mmoja wa birika akaibuka kiumbe kipya. Kwa upande wa pili akaibuka mzee wa kanisa anatafuta miwani. Tundu nalo, kwa kuachwa huru, likaanza kuguna tena. Safari hii tulilisikia, na hakuna aliyejali, maana baada ya ubatizo birika humwagwa.

Jirani alipiga makofi kuliko kwaya.

Karani wa kanisa akaja na kitabu chake. Kina safu ya namba, jina, tarehe, mbatizaji, shahidi na maelezo. "Niandike saba au nane?" akauliza. Mchungaji akajibu kutoka ndani ya blanketi kwamba ni saba, Waefeso 4:5, ubatizo ni mmoja. Mwanakwaya mmoja akashikilia kwamba ameona kwa macho yake mzee akizama kuanzia utosini mpaka kisigino. "Kisigino kilitangulia nusu saa," mzee akasema, meno yakigongana, "hicho usikihesabu."

Hapo yule mwanafunzi akatokea, nguo kavu, joho limekunjwa mkononi, akauliza kama kuna mtu amepoteza kitu cha mpira chenye mnyororo. Karani akaandika saba. Kwenye safu ya maelezo akaongeza kwa mwandiko mdogo: "Kizibo kimepatikana kwenye pindo. Jirani anadai madumu mawili."