Eliza hakupaswa kurudi kwa Higgins

Naipenda sana filamu ya My Fair Lady ya 1964, na bado kila ikifika mwisho hasira hunipanda.

Eliza Doolittle, muuza maua wa Covent Garden, London, amefunzwa na Profesa Higgins kusema Kiingereza cha matajiri. Kwenye dansi ya ubalozi anadhaniwa kuwa binti mfalme. Wakirudi nyumbani, Higgins na rafiki yake Kanali Pickering wanapongezana wao kwa wao. Yeye aliyefanya kazi yote hakuna hata anayemtazama. Anamtupia Higgins sapatu zake na kuondoka.

Katika Pygmalion ya George Bernard Shaw, tamthilia iliyozaa hadithi hii, anaondoka kwelikweli. Mwaka 1914 jijini London, Herbert Beerbohm Tree, aliyeigiza Higgins, alimrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, ili watazamaji waondoke wakiamini kuwa wawili hao wanapendana. Shaw alichukia, na baadaye akaandika maelezo marefu: Eliza anaolewa na Freddy, kijana anayempenda, wanafungua duka la maua. Alan Jay Lerner, mtunzi wa maneno ya mchezo wa nyimbo wa jukwaani wa 1956 uliozaa filamu hii, alisema wazi kuwa hakuwa na hakika kama Shaw alikuwa sahihi. Filamu ikamfuata Lerner: Eliza anarudi.

Basi tunamwona Higgins peke yake, akisikiliza sauti ya Eliza iliyorekodiwa siku za mwanzo. Eliza anaingia, anazima mashine, anaimalizia sentensi yake mwenyewe kwa lafudhi ile ya zamani, kwamba alinawa uso na mikono kabla ya kuja. Higgins anavuta kofia usoni na kuuliza sapatu zake ziko wapi. Msamaha haombi. Wapo wanaosema tabasamu la Eliza ni la mshindi. Siwezi kulikubali hilo, maana muda mfupi tu nyuma amemwimbia kuwa dunia itakwenda hata bila Higgins.

(Hata Audrey Hepburn, aliyeigiza Eliza, alinyang'anywa sauti: nyimbo zake nyingi aliziimba Marni Nixon, ilhali Rex Harrison, aliyeigiza Higgins, alirekodiwa akiigiza, maikrofoni imefichwa kwenye tai.)

Mwisho wa haki tayari umo ndani ya filamu. Ni nyumbani kwa mama yake Higgins, Eliza akishaondoka. Profesa anahaha, anamuuliza mama afanye nini sasa. Mama anamjibu aishi bila Eliza, kisha, mwanawe akishatoka kwa kishindo, anampongeza binti yule kwa jina. Ningeikata hapo.