Sasa ya Mbiti si sasa ya saa ya ukutani

"Mwafrika hana wakati ujao." Ndivyo hoja ya John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, inavyofupishwa mara nyingi. Ufupisho huo una faida: unashika akilini, na humsukuma mwanafunzi akakitafute kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy. Tena haukutoka hewani. Mbiti aliandika kwamba katika fikra za jadi kuna wakati uliopita mrefu, uliopo, na ujao ambao karibu haupo.

Lakini hilo "karibu" ndilo linalodondoka kwanza, na hoja inageuka kuwa tusi: Mwafrika hajui kupanga. Mbiti alitenga mahali pa mambo yasiyo na budi kutokea, kama zamu za misimu; aliuita wakati tarajiwa. Mkulima wa Masaka anayelima shamba akingoja mvua za Machi hampingi Mbiti hata kidogo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wa peke yetu. Mbiti aliazima maneno yetu, Sasa na Zamani, akayapa kazi mpya. Sasa yake si dakika hii. Ndani yake mna yaliyopita karibuni na yanayokaribia kutokea. Marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika Sasa, pengine hadi kizazi cha nne au cha tano. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Kwa hiyo, kila mojawapo ya maneno hayo mawili linapojitokeza, andika pembeni Mbiti ameweka nini ndani yake, kisha soma sentensi ukitumia maana ya kawaida. Ikipotoka, hapo ndipo dhana ilipo.

Kumsoma hivi si kumkubali. Ushahidi wake mkubwa ni vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambako aliona wakati ujao hauvuki miaka miwili. Jaribu Kiganda: "nnaagenda" ni kwenda leo, "ndigenda" ni huko mbele, bila kikomo. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, naye alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, watu wa huko kwao. Lugha mbili hazitoshi kubeba bara zima.

Mtetezi wa Mbiti atasema kuwa na umbo la kitenzi si sawa na kuishi ukiutazama wakati huo. Jibu hilo lina uzito, ila linamrudia: kama kitenzi cha Kiganda hakithibitishi kwamba wakati ujao wa mbali umo katika fikra za watu, cha Kikamba nacho hakithibitishi kwamba haumo.