Ahmedabad: urithi wa dunia ambao wenyewe wanauhama

Mwaka 2017 Ahmedabad ulikuwa mji wa kwanza wa India kuingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Jaipur ukafuata 2019. Na unastahili kwa kweli, mji wa tangu 1411 enzi za Sultan Ahmed Shah, halafu kuna ule msikiti wa Sidi Saiyyed wa 1573, madirisha yake ya mawe yametobolewa matawi ya mti mpaka unadhani ni lesi, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa kwetu Afrika jamani!

Ila cheo hakikuja kwa misikiti tu, zile pol nazo zimechangia sana, mitaa ya mji mkongwe, nyumba za mbao zimebanana, geti moja la kuingilia, tangi la maji ya mvua chini ya ua, baraza mbele watu wanapiga stori. Hizo ndo zinakimbiwa. Watu wanavuka mto Sabarmati kwenda kwenye maghorofa ya magharibi na mimi siwalaumu, gari haliingii kichochoroni, warithi hawaelewani, kukarabati mbao za kuchonga ni hela ndefu. Anakuja mfanyabiashara anageuza nyumba stoo, imetoka hiyo.

Wanaotetea maendeleo nao wana hoja. Viwanda vya nguo vilivyoanza 1861 ndo viliulisha mji huu, miaka ya 1980 na 1990 vingi vikafa, sasa watu wale historia? Mabasi ya mwendokasi yalianza 2009, na metro tangu 2022 inapita chini kwa chini mji mkongwe, hata wa pol anafaidi. Kwenye ule mradi wa kingo za Sabarmati ndo nasita, pamependeza kweli jioni, lakini masikini waliokuwa na vibanda pale wengi walipelekwa mbali na vibarua vyao, na maji yenyewe yanaletwa na mfereji kutoka mto Narmada.

Mimi naona akili kubwa ni ule mpango wa manispaa, mwenye nyumba ya urithi anauza haki yake ya kujenga kwenda juu, mjenzi anaitumia sehemu nyingine, hela inakuja kukarabati nyumba ya zamani. Unamlipa anayetunza badala ya kumtishia na faini. Shida unataka karatasi zilizonyooka, na wale warithi wasioelewana nani atawasainisha? Mpangaji ndo kabisa, hana haki ya kuuza.