Tumbusi na Caravan: nani apishe njia Serengeti?

Tumbusi haruki alfajiri. Husubiri jua lichome ardhi na hewa ya moto ianze kupanda, ndipo anajitandaza juu yake na kuzunguka akipaa bila jasho. Kufikia saa nne asubuhi wametanda angani Serengeti, na saa hizohizo Caravan, ndege ndogo za abiria za injini moja, zinapakia watalii kwenye kiwanja cha Seronera kuelekea Arusha.

Tumbusi mgongo-mweupe ana kilo tano hivi. Caravan hukata anga kwa takriban kilomita 300 kwa saa. Kanuni za Marekani zinadai kioo cha mbele cha ndege kubwa ya abiria kihimili kugongwa na ndege wa kilo 1.8; kwa ndege za daraja la Caravan hazikudai uzito wowote.

Wapo wanaotaka tumbusi waondolewe kuzunguka viwanja, na hofu yao ina msingi. Machi 2008, Oklahoma City, jeti ndogo ya Cessna iligonga mwari, wale ndege wa majini wenye mfuko mdomoni, mara tu baada ya kuruka. Wote watano waliokuwemo walikufa. Mzoga ulio karibu na njia ya kurukia uburutwe mbali, sina ubishi. Kuwaua, hapana. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, na tangu 2015 aina hii imo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, wengi wakiuawa na sumu iliyotegewa simba kwenye mizoga. Tena husafiri mbali mno: ukimaliza wa Seronera, watakuja wa Maasai Mara.

Upande mwingine unamtaka rubani abadilike. Apae juu zaidi? Safari ni fupi, na lazima ashuke kupitia anga ileile. Aondoke mapema? Hilo lingesaidia kweli, ila mgeni amelipia kuwaona simba alfajiri.

Mimi naona tunausahau mwendo. Ukishuka kutoka 300 hadi 210, nguvu ya kishindo inapungua kwa nusu, kwa gharama ya dakika chache. Marubani watasema kwamba wakati wa kupaa mwendo ndio uhai, nao wana haki. Lakini wakati wa kuteremka kuelekea kiwanjani, mchana, nafasi ya kupunguza ipo. Na tumbusi akitokea ghafla mbele, rubani ainue pua ya ndege kwa kiasi, maana ndege huyo akishtuka mara nyingi hukunja mabawa na kujitupa chini.