Hodhi la Maji Moto Halina Haja ya Pampu

Juzi jioni nilitazama video ya dakika 14 ambayo mwenyewe ameiita "hodhi rahisi la maji moto la kujitengenezea nyumbani", na nilipofika mwisho wake nilikuwa nimehesabu pampu mbili, kichujio, kidhibiti joto cha kielektroniki, taa za samawati zilizozamishwa majini, na sanduku la nyaya ambalo hata fundi umeme mzoefu angelifungua kwa kusitasita. Hodhi lenyewe, yaani lile pipa la mbao la kukalia ndani ya maji ya moto na kuoga, lilikamilika katika dakika mbili za mwanzo. Dakika 12 zilizobaki zilitumika kulifungia mirija na mitambo kama mgonjwa aliyelazwa mahututi. Ikiwa huo ndio urahisi, basi naomba nisionyeshwe ugumu.

Taa ningezisamehe, kwa kuwa kila mtu ana macho yake. Kilichonitoa kitini ni sentensi moja aliyoitamka bila kupepesa macho, kwamba maji hayawezi kuzunguka kati ya jiko na hodhi bila pampu. Maneno hayo si kweli, na tatizo lake ni kwamba yanawakatisha tamaa watu ambao wana mbao, wana kuni, wana uwanja na wana jioni za baridi, lakini hawana waya wa umeme unaofika nyuma ya nyumba. Mtu wa namna hiyo husikia neno pampu, akapiga hesabu ya mtaro wa kufukia waya, akafunga simu na kwenda kulala.

Tuanze na jinsi maji yanavyofanya kazi yenyewe. Unalipinda bomba la shaba liwe koili, unaliweka ndani ya jiko la kuni lililosimama kando ya hodhi, kisha unaiunga ncha ya chini ya koili na tundu lililo karibu na sakafu ya hodhi, na ncha ya juu na tundu lililo juu zaidi, ila bado chini ya usawa wa maji. Unawasha moto. Maji yaliyomo ndani ya koili yakipata joto hutanuka na kuwa mepesi, hupanda na kuingia hodhini kwa tundu la juu, na maji baridi ya sakafuni, ambayo ni mazito zaidi, huvutwa kwa tundu la chini kushika nafasi iliyoachwa. Maadamu moto unawaka, mzunguko unaendelea. Yeyote aliyewahi kuiangalia hita ya jua ambayo tangi lake limekaa juu ya paneli amekwisha kuiona kazi hiyo hiyo ikifanyika mchana kutwa.

Wajapani hata bomba hawakulihitaji. Wana bafu liitwalo goemonburo, ambalo ni sufuria kubwa la chuma lenye moto moja kwa moja chini yake, na muogaji hukanyaga ubao unaoelea, akazama nao hadi chini ili nyayo zisiguse chuma cha moto. Jina lake limetokana na Ishikawa Goemon, mwizi maarufu aliyeuawa kwa kuchemshwa mwaka 1594, na ni ushahidi wa ucheshi wa hali ya juu kuliita bafu la kustarehe kwa jina la mtu huyo. Ninachotaka kusema ni kwamba watu wameoga maji ya moto wa kuni vizazi na vizazi, na hakuna aliyesubiri pampu ivumbuliwe.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya mtu kwamba mzunguko huu hauna masharti, kwa sababu nguvu yake ni ndogo mno. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 40 ina uzito wa takriban gramu 992, na ikifika nyuzi 60 inabaki na gramu 983 hivi. Gramu hizo 9 ndizo injini yako yote. Ukiwa na nguzo ya maji ya moto yenye kimo cha nusu mita, msukumo utakaoupata hauzidi ule wa kuinua maji kwa milimita 4 au 5. Msukumo mdogo hivyo hauwezi kupita katika bomba jembamba lenye kona kumi, wala hauwezi kuyashusha maji ya moto bondeni na kuyapandisha tena mlimani. Kwa hiyo bomba liwe pana, kona ziwe chache, jiko likae chini kadiri inavyowezekana kulinganisha na hodhi, na bomba la juu lipande mfululizo kutoka jikoni hadi hodhini bila kuinama mahali popote, hata kwa upana wa kidole.

Sharti hilo la mwisho nililijua kwa aibu. Hodhi langu la kwanza lilikuwa na bomba la juu lililoinuka vizuri, likafanya kibiongo kidogo ambacho sikukiona, likashuka sentimita 3 na kisha likaingia hodhini. Hewa ikajificha kwenye kibiongo na kuziba njia. Nilipowasha moto, koili ilianza kugonga kwa vishindo, na mke wangu akatoka nje kuuliza ni nani anayebisha hodi kwa fujo namna ile. Niliingiza mkono hodhini: maji yalikuwa baridi vilevile kama yalivyotoka mferejini. Nikafanya alichokifanya yule bwana wa video. Sikulichunguza bomba, nilinunua pampu.

Ilifanya kazi, nakiri. Kwa miezi kadhaa nilikuwa muumini wake, na kama ningekuwa na kamera huenda ningerekodi dakika 14 zangu. Kisha jioni moja umeme ukakatika wakati jiko limeshiba kuni na moto umekolea. Pampu ilisimama, lakini moto haukuwa na habari za umeme. Ndani ya dakika chache koili ilianza kunguruma, mvuke ukatoka kwa mikupuo kwenye tundu la juu, na mimi nikawa nakimbia gizani na ndoo ya mchanga nikiwa nimevaa taulo. Hapo ndipo nilipoielewa kasoro ya msingi ya mpangilio ule: nilikuwa nimeufunga usalama wa moto nisioweza kuuzima kwa swichi kwenye kifaa kinachozimika chenyewe. Kesho yake nilipima bomba kwa pimamaji, nikakiona kibiongo, nikalinyoosha, na tangu siku hiyo maji yanajizungusha.

Katika hili naomba niweke kejeli pembeni. Yule bwana aliweka vali mbili, moja kila upande wa koili, ili eti aweze kulitenga jiko wakati wa matengenezo. Tafadhali usifanye hivyo. Koili iliyofungwa pande zote mbili huku moto ukiwaka ni bomu, kwa kuwa lita moja ya maji ikigeuka mvuke huhitaji nafasi ya lita zipatazo 1,600, na shaba haina nafasi hiyo ya kuipa. Mtoto akigeuza mkono wa vali kwa kucheza, au wewe mwenyewe ukasahau, hakuna wa kukuonya. Acha njia iwe wazi daima. Usiwashe moto kabla maji hayajapita tundu la juu, na usiyatoe maji kabla jivu halijapoa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba bila pampu maji ya juu huwa ya moto na ya chini hubaki baridi. Ni kweli, na dawa yake ni kasia la mbao: unakoroga kila baada ya nusu saa, ukimaliza unaliegemeza ukutani, na halihitaji kubadilishiwa chochote. Nitaambiwa pia kwamba kuna nyumba ambazo jiko haliwezi kukaa isipokuwa juu ya usawa wa hodhi au mbali nalo. Sawa, hao wanunue pampu, na waandae namna ya kuupoza moto siku umeme utakapowaacha.

Kuhusu zile jeti, yaani matundu yanayorusha maji kwa nguvu kukanda mgongo, historia yake ina kichekesho kidogo. Hodhi la jeti lililoenea duniani lilitoka kwa familia ya Jacuzzi, wahamiaji wa Kiitalia huko Marekani, na Roy Jacuzzi ndiye aliyeziingiza jeti ndani ya kuta za hodhi lenyewe mwaka 1968. Kabla ya hapo biashara ya familia hiyo ilikuwa nini? Pampu za maji. Kwa hiyo waliotufundisha kwamba hodhi halikamiliki bila pampu walikuwa wauza pampu. Haki iwe haki, lakini: kifaa chao cha kwanza cha bafuni kilizaliwa na huruma, kwa sababu mtoto wa mmoja wa wale ndugu alikuwa akiteswa na baridi yabisi na alihitaji kukandwa na maji nyumbani. Mwenye maumivu kama hayo sitamwambia neno. Nazungumza na sisi wengine, ambao tunataka tu kukaa kimya ndani ya maji ya moto na kuangalia juu.

Mambo mengine ya ujenzi hayana ubishi mwingi, na nitayapita upesi. Chombo kinaweza kuwa pipa la mbao za mseda, ambazo zinastahimili kuoza, au birika la bati la kunyweshea mifugo, au tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, mradi ujue kwa hakika tangi hilo lilibeba nini kabla halijafika kwako. Ukichagua bati lililopakwa zinki, usiliunge moja kwa moja na shaba, kwa maana metali hizo mbili zikikutana majini zinki ndiyo huliwa. Kipande cha mpira unaostahimili joto katikati yake kitasaidia. Msingi uwe imara kuliko unavyodhani: hodhi la duara lenye upana wa mita 1.5 na maji ya kina cha sentimita 80 hubeba lita 1,400, yaani tani 1.4 kabla hajaingia mtu, na veranda ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya viti viwili haikuahidi kubeba hilo.

Kifuniko ndicho ambacho ningekipa nusu ya zile dakika 12. Katika video nzima sikukiona, ingawa mvuke uliokuwa ukipanda kwa madaha mbele ya kamera ulikuwa ndio kuni za mwenyewe zinaondoka. Kila lita inayotoka kama mvuke hushusha joto la lita 1,000 zinazobaki kwa zaidi ya nusu nyuzi, na usiku wenye upepo lita hizo hazichelewi kutoka. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 15 hadi 38 kunahitaji nishati ya takriban kilowati-saa 27. Hita ya umeme ya kilowati 3 itakesha saa tisa kuikamilisha. Kwa kuni kavu, tukikubali kwamba nusu ya joto inatoroka na moshi, ni kama kilo 13 au 14. Bodi ya sponji ngumu iliyofunikwa kwa mbao na kukatwa ikae juu ya maji itakuokolea kuni nyingi kuliko jiko lolote la kisasa. Pia iwe na kufuli, kwa sababu maji yasiyofunikwa na mtoto mdogo havifai kuachwa uwanja mmoja.

Nyuzi 40 ziwe mwisho, hata kama kuna jamaa anayejitapa kwamba anastahimili zaidi. Mjamzito na mwenye maradhi ya moyo wamuulize daktari kwanza, na pombe isiingie kabisa, kwa kuwa mtu hulala bila kujijua.

Upande mmoja pampu inanishinda, na nausema kwa shingo upande: usafi wa maji. Maji ya vuguvugu yaliyosimama ni shamba la vijidudu, wakiwamo Legionella wanaostawi kati ya nyuzi 20 na 45, na mwenye pampu na kichujio, akilinda klorini yake na kuiweka pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, anaweza kuyatumia maji yaleyale kwa siku nyingi. Mimi siwezi. Hodhi langu hujazwa, huogewa na kumwagwa kesho yake asubuhi, kisha husuguliwa kwa brashi, na anayeishi mahali ambapo maji ni ya shida atauona mpango wangu kuwa ni anasa. Sina jibu zuri la kumpa, isipokuwa kwamba maji yasiyotiwa dawa yanafaa kunyweshea miti, na miti yangu haijawahi kulalamika.

Ile pampu bado ninayo. Naitumia kutolea maji hodhini asubuhi, na hata kazi hiyo mpira wa bustani uliolazwa kwenye mteremko ungeifanya vizuri tu.