Mtungi Mmoja, Mabega Mawili

Jamani, kama huna mabega usimnunulie mzazi jiko la gesi.

Mimi nilisikia redioni kwamba serikali yataka ifikapo 2028 kila nyumba ipike bila moshi. Nikaona, mamangu kule Kinango angoje 2028 ya nini? Nikanunua mtungi. Kilo 6, wanasema. Hiyo ni gesi peke yake! Chuma chenyewe kilipimwa na bega langu: Kisauni, Likoni, Kwale, Kinango. Makanga naye akautoza mtungi nauli kama abiria, na kiti haukupewa.

Mama akaupokea kwa vigelegele. Akaupangusa, akaufunika leso, akauweka sebuleni. Ukawa wa wageni. Mgeni mwenyewe ni mimi: nikifika huniinjikia chai, nikimaliza kikombe huzima haraka, halafu huyoo nyuma ya nyumba, kuchochea kuni.

"Mama, moshi utakumaliza kifua."

"Na huo mtungi wako, mwanangu, makaa nitapalia wapi?"

Hapo nikanyamaza. Wali wa nazi usiopaliwa makaa juu ya kifuniko si wali, ni uji ulioghairi.

Wakaja vijana wa mradi na habari za baiogesi: samadi ndoo moja, maji ndoo moja, korogea shimoni, gesi ipande kwa bomba. Mama akawasikiza kwa adabu, kisha akauliza kama mbuzi watatu watatosha. Na maji yenyewe, kwa ukame ule! Ng'ombe wa jirani hajanywa tangu juzi, leo samadi yake ndiyo inyweshwe ndoo nzima?

Wiki iliyopita gesi ikaisha. Kwa chai! Ule ushuru wa asilimia 16 uliotiwa kwenye gesi 2021 uliondolewa 2023, nashukuru, ila nauli yangu haikuguswa. Na kujaza ni lazima nijaze mimi, Mama hamwamini mwingine.

Nashika njia, nasikia naitwa. "Mpelekee mkeo kiroba hiki cha makaa. Alinipigia simu."

Kumbe! Yule ambaye mbele yangu ni bingwa wa gesi, nikienda kazini huitoa seredani uvunguni akachemsha maharagwe. Ati maharagwe hula gesi.

Nikapanda matatu, mtungi mtupu bega hili, makaa bega hili. Makanga akanitazama.

"Mzee, kwani kwako hasa mwapikia nini?"

Nikamlipa nauli ya watu watatu, nikaangalia dirishani mpaka Likoni.